Karata Mbele ya Afande

Mwezi uliopita nilirudi Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja. Boda iliniteremsha pale ambapo zamani palikuwa na bomba la maji la watu wote, nikasimama nikiegemea fimbo yangu. Kijana wa boda alinionea huruma.

"Mzee, unatafuta nyumba ya nani?"

Nikamwambia sitafuti nyumba, natafuta jina la mtu. Akacheka kidogo, akadhani ni mizaha ya wazee, akageuza pikipiki yake akaenda.

Haikuwa mizaha. Rafiki yangu wa utotoni tumemzika Mbale, na baada ya maziko mwanawe mkubwa alinijia akaniomba kitu kimoja tu: jina la mtu aliyekuwa akiishi nyumba ya kona hapa Walukuba, miaka ile nchi ilipokuwa mikononi mwa askari. Akilipata jina hilo, anaamini ataweza kuanza kuuliza babu yake alipelekwa wapi na akafukiwa wapi. Katika shamba lao kuna kaburi la kila mtu wa ukoo isipokuwa la babu huyo. Kati ya watu wetu waliomjua jirani yule, mimi ndiye niliyebaki hai. Nilikula sukari guru kutoka mkononi mwake. Nilicheza karata barazani kwake, magoti yangu yakigusa viatu vyake. Na jina lake silijui.

Basi ngoja nikueleze inavyowezekana.

Walukuba ya utoto wangu ilikuwa mistari ya nyumba za wafanyakazi, zote zikifanana kama sabuni za mche mmoja. Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha, ndicho kilichomwambia mama atie maji ya posho, ugali wetu, motoni. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya mukene, wale dagaa wadogo, waliokuwa wakianikwa Masese. Asubuhi walipita akina mama kutoka Budondo wakiwa na mihogo na viazi vitamu kichwani, wakiita wateja kwa Kisoga. Nyumbani kwetu tulisema Kimasaba, kwa kuwa wazazi wangu walitoka Mbale. Lakini nje, pale uwanjani, kulikuwa na watoto wa makabila ambayo hata leo siwezi kuyataja yote, na lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha kuokoteza, maneno yakigongana, lakini tulikipenda. Watu wazima walikiogopa, maana ndicho walichosemeshwa na wenye bunduki kwenye vizuizi vya barabarani. Sisi tulikuwa tunachezea ndani yake.

Jina la mtu mzima halikuwa kitu cha mtoto kukitamka. Kulikuwa na Mama Chapati, na Mzee wa Baiskeli, na Mwalimu. Na katika nyumba ya kona kulikuwa na Afande.

Hakuna aliyeuliza kazi yake. Sare hakuvaa. Gari lilikuja kumchukua, gari likamrudisha, na siku nyingine alikaa nyumbani tu, barazani, akipiga viatu vyake rangi huku redio ikiimba juu ya dirisha. Baraza lake lilikuwa pana, la saruji nyekundu iliyosuguliwa ikawa laini kama kikombe, na huko ndiko tulikochezea. Wazazi wetu hawakupenda. Lakini ni mzazi gani angethubutu kumwambia mtoto, mbele ya Afande, toka barazani kwa Afande? Yeye mwenyewe alitupenda. Alijua nani anaumwa jino, nani kapigwa shuleni. Wakati sukari ilikuwa imepotea madukani, yeye alikuwa na sukari guru ndani ya kopo, anaivunja kwa kitako cha kisu, anatugawia. Na alipenda karata kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Hakucheza. Aliketi juu ya kiti chake cha kamba akawa mwamuzi.

Mchezo wetu ni ule ambao leo Uganda nzima wanauita matatu. Sisi tulisema karata tu, maana hatukuwa na mwingine. Mimi, bila kujisifu, nilikuwa bingwa wa mistari yetu yote, na mtu akiwa bingwa katika umri ule anaanza kufikiri ameumbwa hivyo.

Ndipo akaja rafiki yangu. Alikuja na sanduku la bati kuishi kwa bibi yake, mjane aliyepakana nasi ukuta kwa ukuta. Alitoka Mbale. Alikuwa wa rika langu, mwembamba, na alikuwa hasemi. Ukimsalimia anaitikia kwa kidevu. Mama yangu alinivuta pembeni karibu na jiko, akaniambia kwa Kimasaba kwamba nisimsumbue, baba yake amepotea. Kupotea wakati ule lilikuwa neno zito, hukuuliza zaidi. Baadaye nilisikia vipande vipande: baba yake alikuwa karani katika ghala la kahawa, magunia yakawa yanatoka bila karatasi kuelekea mpakani, wakubwa fulani wakamtaka atie sahihi kwamba hayakuwahi kuingia, naye akakataa. Siku iliyofuata hakuonekana kazini wala nyumbani. Watu walisema amevuka mpaka kwenda Kenya. Wengine walisema mengine.

Nikaamua nitamfundisha karata. Sikufanya hivyo kwa wema mtupu. Bingwa anahitaji watu wa kuwapiga. Nilimkalisha kwenye ngazi ya mlango wetu na karata zangu kuukuu, zenye mafuta ya vidole, ambazo mfalme wa shupaza alikuwa amepotea na mahali pake niliweka kipande cha pakiti ya sigara nilichokichora taji.

"Saba kwako, saba kwangu," nikamwambia. "Sasa angalia. Hii inayofuata ninaifunua, ninaiweka chini ya fungu, uso juu. Imetoka nini?"

Akaonyesha kwa kidole.

"Sema, bwana. Una mdomo."

"Kopa."

"Kopa. Basi leo saba ya kopa ndiyo kisu. Aliye nayo anaweza kukata mchezo wakati wowote. Akikata, tunahesabu thamani ya karata zilizobaki mikononi. Aliye mwepesi anashinda."

"Na asiyekuwa nayo?"

"Anaomba Mungu."

Hakucheka. Nikaendelea. Unafuata aina au unafuata namba: kopa juu ya kopa, tisa juu ya tisa. Mbili inamlisha mwenzako karata mbili, naye akiwa na mbili yake anakurudishia mzigo. Nane na jeki zinamfunga mwenzako, unacheza tena. Ile yenye A inageuza aina, unaita unayoitaka. Ukimaliza zote mkononi umeshinda hata bila kisu. Na siri yenyewe, nikamwambia, si kumaliza haraka. Siri ni kujua mwenzako ana uzito gani. Mtu anayetupa wafalme na malkia mapema, huyo anajipunguza, huyo ana kisu mkononi anangoja. Na ukikata wewe kwa haraka, kumbe mwenzako ni mwepesi kuliko wewe, umejichinja mwenyewe.

Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Tulicheza raundi za kwanza karata zikiwa wazi mbele yetu, kama ilivyokuwa desturi ya mistari yetu: mwalimu haruhusiwi kuficha mpaka mwanafunzi aseme mwenyewe, sasa nimeelewa. Wengine walichukua wiki kusema hivyo. Yeye jua halijahama kwenye ngazi akageuza karata zake kifuani.

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini? Utalia hapa."

"Gawa."

Nikampiga, nikampiga tena. Mara ya tatu akatupa nane, akatupa jeki, akatupa jeki nyingine, mimi nimefungwa tu kama mbuzi sokoni, akaweka ya mwisho. Ndipo nikamsikia anacheka kwa mara ya kwanza. Bibi yake alitoka mlangoni na mwiko mkononi kuona ni nani anayecheka. Alisimama pale akitutazama, akarudi ndani, na baadaye akatuletea mihogo ya kuchemsha na chai isiyo na sukari. Nilijisikia kama nimeponya mtu.

Kulikuwa na kanuni moja zaidi, nayo pia nilimfundisha. Kwetu karata ilichezwa kwa mikono na kwa mdomo. Ulitakiwa umchokoze mwenzako hadi mikono imtetemeke: umtukanie masikio, suruali, kuku wa mama yake. Chochote. Atakayekasirika ameshindwa, na lililosemwa juu ya karata halikuwa na kesi. Rafiki yangu katika hilo alikuwa dhaifu sana. Alifikiri, alifikiri, kisha anatoa tusi lililochakaa.

"Wewe... kichwa chako kikubwa."

"Hilo ndilo? Kikubwa kwa sababu kina akili. Leta jingine."

"Miguu yako kama ya korongo."

"Korongo anaruka, wewe uko chini. Chukua mbili."

Wakati wa mvua tuliketi ndani kwa bibi yake. Nyumba ile ilikuwa na harufu yake, harufu ya malewa: yale machipukizi ya mianzi wanayoyakausha kwa moshi kule mlimani kwetu, ambayo ukiyapika na karanga huwezi kula kingine. Jinja hayakupatikana. Bibi aliletewa na mjomba wa rafiki yangu, mtu wa kimya mwenye kofia ya sufu, aliyekuja kila baada ya muda na kifurushi cha malewa, analala, anaondoka. Siku moja nikasema, kwa sababu tu ya kusema, kwamba mjomba huyu anampenda sana bibi kumletea chakula kutoka mbali hivyo.

Rafiki yangu alikuwa anagawa. Hakuinua macho.

"Haleti chakula. Analeta habari."

"Habari gani?"

"Baba hajavuka. Yuko kwa mjomba, juu, kwenye kibanda cha moshi. Anakausha malewa mchana kutwa. Mjomba anasema macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi."

Mvua ilikuwa inapiga bati, hata hivyo alinong'ona. Nikaapa. Niliapa kwa mama yangu, kwa Mungu, kwa radi. Akaniambia inatosha, chukua karata zako. Nadhani alikuwa amechoka kukijua kitu kile peke yake. Alikuwa mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa nimemfungua mdomo.

Sasa nakuja kwenye Jumapili yenyewe, na nitaisema moja kwa moja.

Habari za kijana wa Mbale zilikuwa zimemfikia Afande. "Leta yeye hapa," aliniambia. "Mimi nataka ona mwalimu na mwanafunzi." Watu walikuwa wametoka kanisani. Watoto walijaa barazani hadi kwenye ukuta, na baadhi ya vijana wakubwa wa kiwandani wakasimama nje wakila miwa. Afande alitoa karata zake mwenyewe, mpya, zenye kung'aa, ambazo tulikuwa tunaogopa hata kuzikunja. Alizichanganya kwa mikono yake, akagawa yeye, akafunua. Kopa tena.

Tulicheza. Kuanzia mwanzo nilijua niko taabani. Nilikuwa na wafalme wawili na malkia, na mwanafunzi wangu akaanza kujipunguza vilevile nilivyomfundisha: malkia akaenda, mfalme akaenda. Ana kisu, nikajiambia. Ana kisu, na anangoja tu awe na uhakika. Alinilisha mbili, nikachukua. Watoto wakapiga kelele. Mmoja wa vijana wa kiwandani akasema, "Bingwa leo anarudishwa darasa la kwanza!" Afande akacheka kwa ule mcheko wake wa kupiga goti. Masikio yangu yakawaka moto.

Ilikuwa zamu ya rafiki yangu, naye akawa anafikiri. Nikatafuta maneno. Masikio, suruali, kuku, yote nilikuwa nimeshayatumia siku nyingine na yasingemtikisa. Nilitaka neno ambalo lingemtikisa. Nikalipata.

"Cheza, bwana! Au unangoja mjomba apande mlimani akamuulize baba yako ucheze ipi?"

Watoto walicheka. Hawakuelewa kitu, walicheka kwa sababu nilivyolisema lilikuwa na mwendo wa kuchekesha. Afande naye alicheka. Kisha akanyoosha mkono juu ya dirisha akapunguza sauti ya redio.

"Baba yake nakaa mlima gani?" akaniuliza, polepole, kana kwamba anauliza mimi nimebakiwa na karata ngapi.

Hapa ndipo ninapokaa kila siku ya maisha yangu. Lile neno la kwanza lilinitoka. Mtu anaweza kusema lilimtoka mtoto kwenye mchezo. Lakini la pili niliulizwa, nikalijibu. Mtu mkubwa alikuwa amenigeukia mimi, mbele ya wote, wakati nilikuwa ninashindwa, na nilikuwa na jibu.

"Juu ya Mbale, afande. Kupita maporomoko ya Wanale, kule wanakokausha malewa."

Rafiki yangu akazitupa karata zake. Zilianguka kwenye saruji nyekundu zote uso juu, chache, nyepesi, na katikati yao saba ya kopa. Alikuwa ameshashinda. Angenyoosha mkono tu. Badala yake akapiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kupiga kelele, "Mwizi! Amechungulia! Amechungulia karata zangu!" akanirukia, akanipiga mdomoni. Mdomoni hasa. Akapiga tena palepale. Mimi nikadhani amepandwa na wazimu. Nikadhani hawezi kuvumilia mchokozo. Nikampiga na mimi, tukabiringishana mpaka kwenye maua ya Afande, na watoto wakishangilia. Nilikuwa mtu mzima kabla sijaelewa kwamba alikuwa anajaribu kuniziba mdomo.

Afande alitutenganisha. Alinipangusa vumbi shatini kwa kiganja chake, akampangusa na mwenzangu. "Watoto wa mlima moja napigana? Haya aibu." Akatuvunjia sukari guru, kipande kwangu, kipande kwake. Mimi nilikula. Rafiki yangu alisimama ameishika mpaka ikaanza kumyeyukia vidoleni.

Kesho yake asubuhi gari lilikuja kumchukua Afande kama kawaida. Kwa jirani mlango ulikuwa umefungwa. Mama akasema bibi na mjukuu wake wameondoka na basi la kwanza kwenda Mbale, kuna mgonjwa. Walikuwa wamekwenda kumwonya. Lakini basi lilisimamishwa kwenye kila kizuizi, abiria wakateremshwa, mizigo ikafunguliwa, na kutoka mjini hadi kule juu ni kupanda kwa miguu, na bibi alikuwa mzee. Walipofika, kibanda cha moshi kilikuwa kimeangushwa. Malewa yalikuwa yametapakaa hadi kwenye njia. Mjomba walimkuta amevunjwa mkono. Baba hawakumkuta, wala hakuna aliyemwona tena, mpaka leo ninapoandika.

Mimi niliyajua haya kwa sababu bibi alirudi peke yake kufunga vyombo vyake. Aliniita. Nilikwenda nikijua atanilaani. Alikuwa amepika. Aliniwekea sahani kubwa, malewa na karanga na posho, yale ya mwisho aliyokuwa nayo, akaketi mbele yangu akanisimulia yote hayo huku nikila. Alisema hajui nani aliyewasema. Alisema anashukuru kwamba mjukuu wake alipata rafiki mwema Jinja, maana kabla yangu alikuwa hacheki. "Kula, mwanangu," akasema, "usiache."

Rafiki yangu hakuwa amemwambia. Alikaa ndani ya basi lile safari nzima, na kule mlimani, mbele ya kibanda kile, na hakunitaja. Nami nikaimaliza sahani.

Maisha yaliendelea, kama yanavyofanya bila aibu. Kiwanda kikazorota, baba akapoteza kazi, tukarudi Mbale, mimi nikaingia sekondari hapo. Rafiki yangu hakuendelea na shule. Nilimwona sokoni akisukuma magunia. Tulisalimiana. Mwaka wetu wa kutahiriwa ulipofika, kwa kuwa tulikuwa rika moja, tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu hilo linawafanya watu kuwa ndugu wakitaka wasitake. Nilikuwapo siku yake. Kijana anasimama uani kwa baba yake, umati unamtazama, na hatakiwi kupepesa hata ukope. Alisimama uani pale bila baba, mjomba mwenye mkono uliopinda akishika nafasi hiyo, na hakupepesa.

Tuliishi katika mji ule mmoja mpaka tukazeeka. Alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, mimi nikawa karani wa mahakama. Alikuja kwenye harusi yangu, nilikwenda kwenye yake. Karata hakushika tena, sio na mimi wala na mtu mwingine. Watoto wake walidhani ni mambo ya dini.

Mara moja tu nilijaribu. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi mbele ya kibanda chake, ananinyooshea rimu, na nikasema, "Ile Jumapili, kwa Afande..."

Hakusimamisha gurudumu.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Na mimi pia. Tulisema wote wawili, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyetangulia."

Nilimwelewa mara moja. Miaka yote ile alikuwa amelala na kuamka akiamini ni yeye aliyemuua baba yake, kwa kuniambia. Ingalitosha nimwambie hapana. Wewe ulimwambia rafiki. Mimi nilimwambia Afande. Hayo si mamoja. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilihisi unafuu, nakuambia ukweli, unafuu kama wa mtu aliyepokewa gunia njiani, na nikanyamaza. Akanipa baiskeli yangu. Nikaipanda nikaenda zangu. Ya barazani nilifanya nikiwa mtoto. Hii niliifanya nikiwa na mvi, na hii ndiyo kubwa.

Maziko yake yalikuwa makubwa. Kama mtu wa rika lake nilipewa nafasi niseme juu ya utoto wake, nikasema juu ya karata, jinsi alivyojifunza haraka, watu wakacheka vizuri. Baadaye mwanawe mkubwa akanikalisha nyuma ya jiko. "Baba mkubwa, wewe ulikuwa naye Jinja. Babu yetu alichukuliwaje? Baba alikuwa akiulizwa anatoka nje." Basi nikamweleza, kama nilivyokueleza wewe, pamoja na lile la pili. Nilidhani atanifukuza. Aliinama, jasho likimtoka puani. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Huyo Afande, jina lake nani?"

Ndivyo nilivyofika hapa, na fimbo yangu, kwenye bomba lisilokuwapo.

Walukuba nimeikuta, na sikuikuta. Mistari imevurugika, watu wameongeza vyumba mbele na nyuma, kuna saluni, kuna duka la simu, kuna makanisa yenye vipaza sauti. King'ora hakipo. Watoto wanaongea Kiganda na Kiingereza. Nilipowasalimia kwa Kiswahili walinitazama kana kwamba mimi ni polisi. Nyumba ya kona ni ghala la saruji na mabati, na baraza lile limevunjwa ili lori lipate kurudi nyuma. Nilimuuliza mwenye duka nyumba ilikuwa ya nani. Alinitajia aliyemuuzia. Aliyemuuzia alishakufa. Niliuliza kwa mwenyekiti wa mtaa, kijana mwenye heshima, akanipa kiti na soda. Yeye alizaliwa askari wale wameshaondoka.

Mwisho wakanipeleka kwa bibi mmoja anayekaanga mihogo kando ya barabara, ambaye alikuwa binti mdogo wakati ule. Nilipotaja nyumba ya kona uso wake ukafunguka.

"Afande! Yule wa redio! Alinipa sukari guru mimi."

"Jina lake, mama. Jina lake lilikuwa nani?"

Akanitazama kwa mshangao, kijiko kikining'inia juu ya mafuta.

"Si ndilo hilo? Afande."

Walioyajua majina wamekwenda. Waliogopa kuyasema walipokuwa hai, na sasa wamekwenda nayo. Nilidhani kilichopotea katika utoto wangu ni vitu vile ambavyo wazee wote wanavililia, harufu ya mukene na akina mama wa Budondo na kelele za uwanjani. Hivyo ninavyo bado. Navyo kabisa, kila kimoja, na havimsaidii mtu yeyote.

Niliketi kwenye benchi la yule bibi nikampigia simu kijana kule Mbale. Nikamwambia sikulipata. Nikasikia watoto wake wakicheza nyuma yake.

"Basi niambie alivyokuwa, baba mkubwa," akasema. "Sura yake, tabia yake. Chochote. Pengine kuna mtu atamtambua."

Nikafikiri nianzie wapi. Nilijaribu uso, haukuja. Nilijaribu urefu wake, nikagundua nilimwona daima akiwa ameketi. Kilichokuja kilikuwa mkono mpana ukinipangusa vumbi, na mcheko, na kopo likifunguliwa.

"Alikuwa akiwapenda sana watoto," nikamwambia.

Upande wa pili watoto walikuwa bado wanacheza. Simu haikuwa imekatika. Nikaendelea kusema, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa.